Gapi wa malisho: shajara ya mradi wa matangi manne

Kabla ya maji: walaji, aina ya samaki, hesabu

Mradi ni wa kuzalisha samaki wadogo wa kulishia wanyama. Walaji ni watatu: kobe wawili wachanga wa majini, Trachemys scripta elegans, na nyoka mmoja mchanga wa jenasi Thamnophis, ambaye porini hula samaki, vyura na minyoo. Mahitaji yamewekwa samaki 20 kwa wiki wenye urefu wa sentimita 2 hadi 2.5. Nyoka anapata 12, kila kobe anapata 4. Kobe wanabaki na chakula chao cha tembe na majani. Samaki ni nyongeza.

Aliyechaguliwa ni gapi, Poecilia reticulata. Samaki wa dhahabu alitolewa kwenye orodha mapema ingawa ndiye anayepatikana kirahisi zaidi kwa bei ya mafungu. Yeye na jamaa zake wengi wa ukoo wa Cyprinidae wana thiaminesi, kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Mnyama anayeishi kwa samaki hao miezi kadhaa huishiwa na vitamini hiyo hata kama anaonekana kushiba. Nyoka huanza kuyumba, akilazwa chali anashindwa kujigeuza, halafu degedege. Kugandisha hakusaidii, kwa kuwa kimeng'enya kinaendelea kufanya kazi polepole hata kwenye barafu. Kinachokiharibu ni moto wa kupika. Gapi hana thiaminesi, wala jamaa zake plati, moli na mkia-upanga hawana. Kambale wadogo nao hawafai kwa sababu nyingine: miiba ya mapezi yao hukwama kooni.

Gapi ana faida ya pili. Anazaa vifaranga hai, wenye milimita 6 hadi 8, wanaoogelea na kula siku hiyohiyo. Hakuna mayai ya kulinda dhidi ya ukungu, hakuna siku za kuhangaikia kiluwiluwi asiyeweza kumeza chochote.

Sasa hesabu, maana miradi mingi ya namna hii hufia hapa. Watu hununua majike 30 wakidhani uzazi ndio kikwazo. Uzazi ni rahisi. Kinachokwamisha ni lita za kukuzia. Kifaranga huhitaji wiki 8 hadi 12 kufika sentimita 2 na zaidi katika nyuzi 26. Tukichukua wiki 10, na mavuno ya 20 kwa wiki, lazima muda wote wawepo samaki 200 wanaokua, kila kundi na umri wake. Chukulia kwamba robo ya watakaozaliwa watakufa au kukataliwa njiani: wanahitajika vifaranga wapya 27 hivi kwa wiki, sawa na 115 kwa siku 30. Jike mzima huzaa kila baada ya siku 28 hivi, vifaranga 20 hadi 40 kwa kawaida. Kwa hiyo majike watano wanatosha. Mradi unachukua wanane, kwa kuwa uzao wa kwanza wa jike mdogo mara nyingi hauzidi 10, na kwa kuwa majike hawazai kwa zamu. Wiki moja wanazaa watatu, wiki inayofuata hakuna.

Mgawanyo wa maji: tangi A la wazazi lita 60; tangi B la vifaranga lita 40; C na D za kukuzia lita 80 kila moja; beseni la karantini lita 30, linalokaa chumba kingine na vifaa vyake. Lita 80 za maji ni kilo 80 kabla hujahesabu kioo, basi meza ya kawaida ya mbao laini haifai. Mabeseni ya plastiki ni nafuu na yanafaa, ila huvimba ubavuni yakijazwa zaidi ya nusu. Yanahitaji fremu ya mbao kuzunguka ukingo.

Wiki ya 1 hadi ya 5: kuamsha vichujio

Kila tangi lina kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu moja ya hewa yenye matoleo manne. Sponji imechaguliwa kwa sababu hainyonyi vifaranga, na kwa sababu sehemu inayofanya kazi, yaani bakteria, inaweza kuhamishwa kutoka tangi moja hadi jingine kwa mkono. Kila mpira wa hewa una vali ya njia moja. Bila vali hiyo, umeme ukikatika maji hurudi nyuma kwenye mpira na kuishia ndani ya pampu au sakafuni. Nyaya zote zimeachwa zining'inie chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotiririka kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya hadi kwenye umeme.

Matangi hayana changarawe. Sakafu tupu ya tangi la malisho haipendezi, lakini kinyesi na mabaki yanaonekana na yananyonywa kwa dakika chache.

Sponji zote tano zimewekwa kwanza ndani ya tangi C pekee, joto nyuzi 27, bila samaki. Chakula cha bakteria ni amonia, wanayoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Kloridi ya amonia gramu 1 katika lita 100 huleta takriban miligramu 3 kwa lita. Lengo hapa ni 2, kwa hiyo lita 80 zimepata nusu gramu na kidogo. Amonia ya maji ya kusafishia nyumba nayo hufaa mradi haina manukato wala sabuni. Itikise chupa: povu likikaa, usiitumie.

Mwendo ulikuwa wa kawaida. Amonia ilikaa palepale wiki nzima ya kwanza, ikaanza kushuka ya pili, nitriti ikapanda hadi juu ya kipimo na kukaa huko muda mrefu kuliko amonia. Hatua hii ya pili ndiyo huwavunja watu moyo, kwani bakteria wanaogeuza nitriti kuwa nitrati huongezeka polepole. Kisha kazi ikasimama kabisa. Sababu ilikuwa asidi: kugeuza amonia hula alkali ya maji, na pH ilikuwa imeshuka chini ya 6.5, kiwango ambacho bakteria hawa karibu wanalala. Magadi ya kuokea gramu 5 kwa lita 50 hupandisha ugumu wa kabonati, yaani kipimo cha alkali hiyo, kwa digrii 3 hivi. Baada ya kuyaweka, nitriti ilianza kushuka siku chache baadaye. Gapi mwenyewe hupenda maji magumu kiasi, pH 7 hadi 8, kwa hiyo marekebisho haya yangehitajika hata hivyo. Maji yako yakiwa laini kiasili, mfuko wa vipande vya mawe ya chokaa au matumbawe makavu karibu na kichujio hufanya kazi hiyo bila kupimwa kila wiki.

Kipimo cha kumaliza: weka amonia miligramu 2 kwa lita, na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote ziwe sifuri. Hapo badilisha maji karibu yote, maana nitrati imejaa, halafu gawa sponji.

Kuhusu maji ya bomba: klorini ya kawaida hutoka ikiachwa kwenye ndoo yenye hewa kwa saa 24. Kloramini haitoki. Uliza mamlaka ya maji wanatumia ipi, au tumia dawa yenye thiosulfati ya sodiamu kila mara. Ikivunja kloramini huacha amonia kidogo, na kichujio kilichokomaa kitaimaliza.

Wiki ya 5 hadi ya 9: wazazi wako karantini

Majike wanane na madume watatu wameingia beseni la lita 30 lenye sponji iliyokomaa. Wamechaguliwa wenye mikia mifupi na rangi za kawaida. Gapi wa maonyesho, wenye mikia mirefu kama vitambaa, wamefugwa kwa ajili ya mapezi, na mara nyingi huwa dhaifu. Kwa malisho rangi haina kazi. Tazama mgongo ulionyooka, tumbo lisilobonyea, na samaki anayekuja mbele ukisogea.

Jike aliyenunuliwa tayari ana mimba, au ana mbegu za dume alizohifadhi mwilini. Anaweza kuzaa uzao baada ya uzao kwa miezi kadhaa bila dume yeyote. Maana yake ni kwamba madume watatu wa mradi hawataonekana kwenye ukoo mara moja, na pia kwamba kupoteza madume wote si dharura.

Karantini ni siku 30. Huu ndio moyo wa mradi wote, na ni sababu kubwa ya kufuga mwenyewe kuliko kununua samaki wa malisho, ambao kwa kawaida huishi wamesongamana kwenye maji yanayochanganyika na ya matangi mengine. Vinavyotazamwa:

Nyuzi nyekundu zinazochomoza kwenye tundu la haja samaki akitulia ni minyoo ya Camallanus. Kwa asili huhitaji wadudu wadogo wa majini kama mwenyeji wa kati, lakini ndani ya tangi inaweza kuambukiza samaki kwa samaki moja kwa moja kwa vizazi kadhaa. Madoa meupe kama chembe za chumvi ni kimelea Ichthyophthirius. Vumbi la dhahabu linaloonekana ukimulika tochi kwa pembeni ni ugonjwa wa mahameli. Mdomo wenye utando mweupe na tandiko la kijivu mgongoni huashiria kolumnarisi, ugonjwa wa bakteria, ambao huua kwa siku mbili tatu kwenye maji ya joto. Samaki anayekonda huku akila, mgongo ukipinda polepole, ni wa kushukiwa kifua kikuu cha samaki, Mycobacterium.

Hili la mwisho linamhusu pia mfugaji. Mycobacterium marinum huingia kwenye mkono wenye mchubuko na kuleta vinundu vinavyochukua miezi kupona. Glavu zivaliwe, na mpira wa kunyonyea maji usianzishwe kwa mdomo hata siku moja.

Kwa tangi la mapambo, magonjwa mengi kati ya haya yana tiba. Kwa ukoo wa malisho, msimamo wa mradi ni mkali zaidi: madoa meupe hutibiwa kwa joto la nyuzi 30, hewa nyingi na chumvi gramu 2 hadi 3 kwa lita, kingine chochote, kundi lote linaondolewa, beseni linakaushwa, na tunaanza upya. Dawa za minyoo zipo na zinafanya kazi, lakini samaki aliyemeza dawa ataliwa na mnyama mwenye uzito mdogo, na hakuna anayejua kipimo anachokipata huyo wa pili. Kundi hili lilitoka safi. Vifaranga waliozaliwa humohumo karantini walihesabiwa kuwa sehemu ya kundi na kuhamishwa pamoja.

Wiki ya 9 hadi ya 12: uzao wa kwanza

Tangi A: nyuzi 26, mwanga saa 13 kwa siku kwa swichi ya saa, majike wanane kwa madume watatu. Uwiano wa dume mmoja kwa majike wawili au watatu huzuia jike mmoja kusumbuliwa hadi aache kula.

Jike anayekaribia kuzaa hutambulika kwa tumbo linalokuwa na pembe, karibu mraba likitazamwa ubavuni, na doa jeusi karibu na pezi la nyuma linalopanuka. Wengine hujitenga kwenye kona karibu na heta. Wapo wanaozaa bila kuonyesha lolote.

Visanduku vidogo vya kuzalia vinavyoning'inizwa ndani ya tangi havitumiki hapa. Jike akifungiwa kwenye nafasi ya kiganja kwa siku tatu hushtuka na kuharibu mimba, au huzaa kabla ya wakati. Vifaranga hao wana kifuko cha kiini tumboni, huzama sakafuni na wengi hufa. Badala yake theluthi moja ya tangi imejazwa majani ya nyuzinyuzi, mosi ya Java chini na mimea ya kuelea juu. Vifaranga hukimbilia humo wenyewe. Njia ya pili iliyojaribiwa sambamba ni kikapu kikubwa cha plastiki chenye matundu ya milimita 3 hadi 4, kinachochukua nusu ya tangi, majike wakiwa ndani. Vifaranga hupenya na kutoka. Kikapu kinaokoa vifaranga wengi zaidi, ila kinahitaji kusuguliwa kila wiki kwa sababu mwani huziba matundu. Kwa anayetaka kazi kidogo, mosi inatosha. Wazazi walioshiba hula vifaranga wachache; waliopewa mlo mmoja tu kwa siku huwamaliza.

Kukusanya: kila asubuhi, kwa bilauri. Bilauri inazamishwa taratibu karibu na majani ya juu na vifaranga wanaingia na maji. Kijiwavu kinawachubua, na mchubuko huo ndio mlango wa kolumnarisi. Tarehe ya kuzaliwa inaandikwa kwenye mkanda wa karatasi juu ya tangi B. Bila tarehe hutajua baadaye nani amedumaa na nani ni mdogo tu.

Chakula cha vifaranga, tangi B

Hapa ndipo wiki zinapopatikana au kupotea. Kifaranga aliyeshinda njaa wiki mbili za kwanza hafidii baadaye, hata ukimlisha vipi.

Mlo mkuu ni artemia, uduvi mdogo sana wa maji ya chumvi, aliyeanguliwa siku hiyo. Chupa ya lita 1 iliyopinduliwa na kukatwa kitako, mpira wa hewa ukifika hadi shingoni. Maji lita 1, chumvi isiyo na iodini gramu 25, magadi ya kuokea ncha ya kijiko, mayai makavu gramu 1 hadi 2. Joto nyuzi 27, mwanga muda wote, hewa kali kiasi kwamba hakuna yai linalotua. Baada ya saa 24 hadi 30 wengi wameanguliwa.

Kuvuna: zima hewa dakika 10, weka taa karibu na shingo ya chupa. Maganda huelea, artemia hai hukusanyika chini kwenye mwanga, mayai mabovu hulala chini kabisa. Toa kijiko cha kwanza ukimwage, kisha vuna maji ya rangi ya chungwa hadi kabla ya maganda kushuka. Pitisha kwenye kitambaa chepesi, suuza kwa maji baridi, lisha. Mambo matatu huharibu zoezi hili. Mayai yaliyofunguliwa na kunyonya unyevu hayaangui. Yahifadhiwe kwenye jokofu ndani ya kopo lililofungwa na chembe za kukausha. Maganda yakiingia kwenye mlo hukwama matumboni mwa vifaranga. Na artemia aliyeachwa hadi siku inayofuata amekwishatumia kiini chake, kwa hiyo anajaza tumbo bila kulisha. Kama huwezi kulisha mara moja, mweke kwenye jokofu ndani ya maji yaleyale ya chumvi, usizidishe siku moja.

Artemia ni asubuhi na jioni. Katikati kuna milo miwili au mitatu ya chakula kikavu kilichosagwa hadi kuwa vumbi, chenye protini asilimia 45 hivi, kidogo kiasi cha kumalizika ndani ya dakika mbili. Mwani unaoota ukutani unaachwa, wanautafuna kutwa.

Mwishoni mwa wiki ya 11 kuta za B ziliota haidra: vijiti vyeupe vya milimita chache vyenye mikono kama uzi. Huja na majani ya maji na hunenepa kwa artemia anayebaki. Wanaweza kumnasa kifaranga wa siku moja. Dawa ya minyoo huwaua, lakini hiyo ni dawa ileile iliyokataliwa juu. Kilichofanyika ni kupunguza artemia hadi kiasi kinacholiwa chote, kukwangua kuta kwa kadi ya plastiki na kunyonya papo hapo, na kuwahamishia B wale tu waliofika umri wa wiki moja, wachanga wakikaa kwanza ndani ya A. Haidra hawakuisha, walipungua tu, na hilo linatosha.

Wiki ya 13 hadi ya 17: kupanga kwa jinsia na ukubwa

Katika umri wa wiki 3 hadi 4 jinsia huanza kuonekana. Pezi la nyuma la dume hujikunja na kuchongoka kuwa gonopodio, kiungo chake cha kupandia. La jike hubaki kama feni, na doa la mimba huanza kuonekana juu yake. Madume wanakwenda C, majike D. Sababu ni ya uchumi. Dume akishakomaa karibu anasimama kukua, kati ya sentimita 2.5 na 3. Jike huendelea hadi 5 au 6. Dume aliyefikia ukubwa wake anakula bila kuongeza chochote, basi mavuno yanaanza na madume, siku zote. Majike wanavunwa wale wa kati. Wakubwa wenye kasi wanabaki kuwa wazazi wa baadaye. Ukivuna wakubwa kila mara na kuacha wadogo wazae, baada ya vizazi vichache utakuwa umechagua udumavu kwa mikono yako.

Tangi C lilikwama wiki ya 15. Madume wa wiki 8 walikuwa na sentimita 1.5 badala ya 2. Amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati 60. Chakula kilikuwa kilekile cha D, ambako ukuaji ulikuwa mzuri na nitrati 25. Samaki wengi kwenye maji yaleyale hudumaa kabla hawajaanza kufa, na mtu anayepima amonia peke yake haoni chochote. Ratiba ikabadilishwa: asilimia 50 ya maji hubadilishwa mara tatu kwa wiki kwa C na D, maji mapya yasipishane na ya tangi kwa zaidi ya nyuzi 2. Kiwango kinacholengwa ni nitrati chini ya 40. Msongamano ulioruhusiwa ni samaki mmoja kwa lita, na unavumilika kwa sababu tu ya ratiba hiyo. Asiyeweza kubadilisha maji mara tatu apunguze samaki kwa nusu.

Sponji hukamuliwa kila wiki mbili ndani ya ndoo ya maji ya tangi. Kuioshea bombani huua bakteria kwa klorini, na kesho yake amonia inapanda. Sponji mbili haziguswi siku moja.

Umeme: tangi lenye samaki 80 halina akiba kubwa ya oksijeni, hasa usiku kwenye maji ya joto. Pampu ndogo ya betri imeunganishwa kwa C na D. Umeme ukikatika, kulisha kunasimama hadi urudi.

Wiki ya 19 na kuendelea: mavuno

Samaki wa wiki wanatolewa siku mbili kabla na kuwekwa kwenye ndoo yenye hewa na sponji, ambako wanalishwa vizuri mara tatu kwa siku: tembe bora, artemia, majani ya kijani yaliyochemshwa na kupondwa. Mlaji anameza samaki pamoja na alichobeba tumboni. Samaki aliyeshinda njaa ndooni ni ngozi na mifupa.

Ukubwa: urefu wa samaki hauna shida sana kwa nyoka, unene ndio wa kuangalia, usizidi upana wa kichwa chake. Nyoka hupewa bakuli pana lenye maji ya kina cha sentimita 2, samaki wanne kwa mara moja. Kina kikiwa kikubwa samaki humshinda mbio na nyoka mchanga huchoka akaacha. Kobe hulishwa kwenye beseni tofauti, vinginevyo mafuta na vipande huchafua maji yao ndani ya siku moja.

Hesabu walioingia na waliobaki. Samaki aliyeachwa na mlaji usiku kucha anaweza kugeuka kuwa mdonoaji, na kwa aksolotli, salamanda wa majini, hilo ni hatari kweli, kwani matamvua yake ya nje yanaonekana kama minyoo. Wanaolisha aksolotli wakumbuke pia joto: yeye anaishi nyuzi 16 hadi 18, na gapi aliyetoka 26 huduwaa humo na anaweza kufa kabla ya kuliwa. Watolewe wawili au watatu, wakisubiriwa.

Kanuni isiyo na msamaha: samaki aliyeingia kwenye maji ya mlaji harudi tangi lolote la mradi. Kobe hubeba Salmonella na vimelea vyao; njia ni ya kwenda tu. Kijiwavu cha upande wa walaji hakivuki, na ndoo zina rangi mbili.

Ziada inagandishwa. Samaki anauawa kwanza kwa pigo moja la kichwa, kisha wanatandazwa safu moja kwenye mfuko ili watolewe kwa idadi. Asitumbukizwe hai kwenye friza. Ni kifo cha polepole. Mafuta ya karafuu, ambayo wafugaji wengi huyatumia kumlaza samaki moja kwa moja, hayafai hapa kwa kuwa yanabaki mwilini na kwenda kwa mlaji. Nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 huua minyoo mingi. Haziui bakteria wote. Mfuko uwe umetumika ndani ya miezi mitatu, na samaki ayeyushwe kwenye jokofu. Kwa nyoka, mchanganyiko wa waliogandishwa na walio hai umefanya kazi vizuri, mradi wa kugandishwa anatikiswa kwa koleo.

Wiki ya 24: hali ya sasa na marekebisho

Uzalishaji umezidi mahitaji kidogo: D ina majike zaidi ya yanayovunwa. Njia ya kwanza ya kupunguza ni kushusha A hadi nyuzi 22, ambapo mimba huchukua muda mrefu zaidi na uzao hupungua. Ya pili ni kutoa majani, kuwaachia wazazi wapunguze wenyewe. Kilichoamuliwa ni joto. Kumwaga ziada mtoni au bwawani hakumo kwenye mjadala. Gapi amekwishaota mizizi katika maji mengi ya joto duniani ambako hakuwa wa asili, na katika nchi kadhaa kumwachia ni kosa la kisheria.

Majike wawili wa kwanza wanaonyesha uzao unaopungua. Jike hufaa hadi umri wa mwaka mmoja hivi, mmoja na nusu kwa bahati. Nafasi zao zinachukuliwa na majike wa D waliofika sentimita 3.5 mapema kuliko wenzao.

Migongo iliyopinda imeanza kuonekana kwa vifaranga wachache wa uzao mmoja. Inaweza kuwa ndoa za ndugu, inaweza kuwa upungufu wa lishe, inaweza kuwa Mycobacterium. Wako beseni la karantini kwa sasa: wakikonda, uzao mzima unaondolewa pamoja na mama yao, wakinenepa, huenda ni urithi au lishe, na hawatazaa wala kuliwa hadi hapo itakapothibitika. Kwa vyovyote vile madume watatu wapya wa ukoo tofauti wataingia baada ya siku 30 za karantini, na zoezi hilo litarudiwa kila mwaka.

Kazi iliyobaki ni pipa la dafnia, kidudu kidogo cha majini cha kulisha vifaranga. Maji yenye nitrati yanayotolewa C na D mara tatu kwa wiki yanaota mwani wa kijani yakiwekwa juani siku chache, na dafnia anaishi kwa mwani huo. Pipa lina lita 60, hewa laini ya mapovu makubwa, bila samaki. Likishika, chakula kikavu cha mchana kwa vifaranga wakubwa kitapunguzwa kwa nusu na urefu wao wa wiki 8 utalinganishwa na wa sasa.